Mwanafunzi wa Mutarule Majini

Jumatatu, ufukoni mwa ziwa, Nyamianda, nilikuta wanawake wameacha kuanika ndagala, dagaa wa huku, wanapiga kelele. Majini kulikuwa na mwanafunzi wa sekondari kutoka Mutarule, anayetaka kuingia shule ya maofisa wa jeshi. Kesho yake wanajeshi wangempima kuogelea hadi kwenye mtumbwi kama ule aliokuwa akiufuata sasa, na kwao hakuna ziwa, kuna mpunga tu.

“Weye komanda, piga miguu!” muuza samaki mmoja akafoka. “Uko unasonga bugali humo?”

“Mama, minye nimechoka!”

“Adui atakuuliza kama umechoka? Mutumbwi iko karibu!”

Akazama, akaibuka akikohoa, akaushika mtumbwi. Tukapiga vigelegele, hata mimi nisiyependa askari.

Kabla ya uhuru Wazungu walisema sisi Waafrika hatuwezi kuwa maofisa. Hawakuwahi kutuleta kwa wauza samaki.