Pangoni na Mama Mkwe

Kwetu, mkwe na mama mkwe hawakai pamoja. Hawapeani mikono, hawali wakiwa wanaonana, na wakikutana njiani mmoja hukaa kando akatazama majani mpaka mwenzake apite. Ni heshima, na kule milimani juu ya Uvira ilikuwa rahisi kuitimiza kwa sababu njia zilikuwa nyingi na majani tele. Waliotunga utaratibu huo hawakuwahi kuishi Northfield, katika nyumba ya Birmingham yenye korido moja, ngazi moja na choo kimoja.

Mama mkwe wangu alipotoka kambi ya wakimbizi kuja kuishi nasi, mimi, dereva wa basi mwenye mwili wa kutosha watu wawili, niligeuka mwizi katika nyumba ninayoilipia kodi. Nikirudi kutoka kazini nilikohoa mlangoni. Nilitikisa funguo. Niliongea na viatu vyangu kwa sauti kubwa. Nikisikia miguu imepanda ngazi na mlango wa chumba umefungwa, ndipo nikaingia. Asubuhi nilisimama nyuma ya mlango wetu nimetega sikio, na zaidi ya mara moja nilichelewa kazini kwa sababu mama alikuwa koridoni akisali, na sala zake si fupi.

Majira ya baridi yalipokwisha, akamwambia mke wangu kwamba anahamia kwa mwanawe wa kiume, Great Barr, upande wa pili wa jiji. Huko mwanawe na mkewe wanatoka alfajiri na kurudi jioni. Mama angeshinda peke yake na televisheni inayosema lugha asiyoijua. Mke wangu alilia jikoni, akaniuliza nimemkosea nini mama yake. Nikamwambia nitamkosea vipi mtu ambaye sijawahi hata kumtazama. Tulichofanikiwa kumwomba ni kimoja tu: aje nasi kwanza kisiwani Sardinia, kwenye likizo tuliyokuwa tumeshailipia, kisha afungashe mizigo yake.

Nilitaka abaki. Nalisema wazi kwa sababu najua wakwe wengi wangeshukuru kimoyomoyo na kumbebea masanduku. Mama yangu mzazi alizikwa kambini kabla sijapata mshahara wa kumnunulia hata kitenge kimoja. Nilitaka mama anayesali katika nyumba yangu, hata kama ananichelewesha kazini.

Mpango wangu niliuona wa akili sana. Baharini kuna nafasi. Yeye atakaa chini ya mwavuli mmoja, mimi nitakaa chini ya mwingine kule mbali, na ataona kwamba familia inaweza kuwa pamoja bila mtu kuvunja heshima. Siku ya kwanza mambo yalienda vizuri. Siku ya pili binti yetu, ambaye anasikia Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza, akaja na simu yake.

“Baba, look. It's a wild cave. No stairs, no lights, you just crawl. Please?”

Ningeweza kukataa, lakini tangu azaliwe nimekuwa nikijitapa mbele yake kwamba mimi ni mtu wa milima. Ukweli ni kwamba mlima niliokulia haukuwa na pango hata la kumtosha sungura, na tangu nianze kuendesha basi, mlima mrefu ninaoupanda ni ngazi za kwenda kulala. Nikasema twende. Mama mkwe, kutoka chini ya mwavuli wake, akamwambia binti yake kwa sauti ya kunifikia na mimi, “Mutoto hataingia mu udongo mimi nikibakia huku juu.”

Mwongozaji wetu alikuwa mwanamke mwembamba wa pale kisiwani. Mbele ya pango alitugawia kofia ngumu zenye taa, akatuambia tuvue makoti kwa sababu ndani kuna mahali pembamba. Wote wakavua. Mimi sikuvua. Chini ya koti langu kulikuwa na singlendi tu, na kusimama na singlendi mbele ya mama mkwe ni jambo lisilofikirika. Nilijiambia heri nife nimevaa, na nusura nikubaliwe ombi langu.

Ikaja shughuli ya kupanga mstari. Mwongozaji alitaka mama awe katikati na mimi nifuate nyuma. Mke wangu akamweleza kwa Kiingereza kwamba mume wake hawezi kutambaa nyuma ya mama yake. Mwongozaji akauliza kama mimi ni mgonjwa. Mke wangu akasema hapana, ni heshima tu. Yule mwanamke akatazama tumbo langu, akatazama mlango wa pango, akakubali kwa shingo upande. Basi tukaingia: yeye, binti yetu, mke wangu, mimi, na mama mwisho kabisa. Niliridhika sana na mpangilio huo. Haikunijia akilini kwamba anayetambaa mwisho ndiye anayemwona aliye mbele yake, tena kwa upande upi.

Ndani palikuwa pazuri, sikatai. Kulikuwa na ukumbi mpana wenye baridi, maji yakidondoka, na mawe yaliyoning'inia juu kama chuchu za ng'ombe. Nilimpa binti yangu somo zima kuhusu mawe hayo, lote nimelitunga palepale. Kisha ukumbi ukaisha, likabaki tundu la kupita kwa kulala kifudifudi. Mwongozaji akapita kama mjusi. Binti akapita, mke wangu akapita. Mimi nikaingiza mikono, kichwa, mabega, na hapo koti likapanda, likajikunja kiunoni, likanibana mbele na nyuma. Nikajisukuma, kofia ikagonga mwamba, taa yangu ikazimika.

Nikasema nimekwama. Nilitaka kulisema kiume, likatoka kama mlio wa ndama. Upande wa pili mwongozaji akaniambia nitulie, nisijisukume tena. Anawapeleka kwanza mke wangu na mtoto mahali penye nafasi, kisha anarudi kunivuta. Taa zao zikaondoka. Mwanga uliobaki ulitoka nyuma yangu, taa ya mama, ukimulika soli za viatu vyangu na mambo mengine yaliyokuwa juu ya soli. Kifua kilikuwa hakipati hewa. Nikaanza kulia, taratibu, nikiamini kwamba nalia kimyakimya.

Mwanga ule nao ukazimika.

“Mukwe,” sauti ikasema. “Nimezima taa. Sikuoni.”

Alikuwa hajawahi kunisemesha moja kwa moja. Nikamjibu bila kupiga hesabu ya heshima.

“Mama, naogopa.”

“Najua. Ninasikia. Ongea. Mutu akiongea, anapumua.”

Mtu ataongea nini na mama mkwe wake? Nikaanza kumweleza njia ya basi langu, kituo hadi kituo, kona hadi kona, na yeye akawa anaitikia “eeh” kila kituo kana kwamba anashusha abiria. Nikafika mwisho wa barabara. Na kwa kuwa hapakuwa na kituo kingine, nikamuuliza kwa nini anatuhama.

“Juu ya gari,” alisema.

Sikuelewa gari linahusikaje.

“Naonaka ku dirisha. Unafika, unazima gari, unakula chakula ndani mule na ile baridi, unangoja mimi nimalize kukula. Mutu analipa nyumba, anakula inje kama mbwa, juu yangu mimi. Ile haya siiwezi. Naenda Great Barr, ukule mu nyumba yako.”

Ilikuwa kweli. Tangu aje, nilikuwa nikiegesha gari langu mbele kidogo ya uzio wa jirani na kula chipsi zangu humo, huku mke wangu akiamini nakula kazini. Nilidhani nimejificha. Mtu wa ukubwa wangu, ndani ya kigari kile, chini ya taa ya barabarani.

“Mama, sikuli inje juu ya kukukimbia,” nikasema. “Nakula inje ili ubaki. Mama yangu sikumulisha hata siku moja. Weye ukienda, hata nikikaa mezani chakula hakitapita.”

Nilisikia maji yakidondoka mahali fulani, nikaona nimeharibu kila kitu.

“Niguse viatu?” akauliza.

“Gusa, Mama.”

Mikono yake ikashika soli zangu. Akaniambia nitoe pumzi yote, nisibakize hata kidogo, kisha akasukuma kwa nguvu ambazo sikujua zinaishi katika nyumba yangu. Koti likachanika kuanzia kwapani. Nikachomoka, nikaangukia miguuni pa mwongozaji, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anarudi.

“Baba, were you crying?” binti yangu akauliza nilipowafikia.

Nikamwambia ni maji ya pango.

Tulipotoka juani, mama akajifunika uso kwa kitenge, akanipa mgongo na kutazama vichaka. Mimi nikatazama bahari, koti likining'inia vipande viwili na singlendi yangu ikionwa na kila mtu. Kila kitu kilikuwa kimerudi kilivyokuwa. Nikajua kwamba maneno yote tumeyaacha mle ndani, na iliniuma kuliko mbavu.

Kisha mama akamwita binti yake, bila kugeuka.

“Ambia bwana yako,” alisema, “nitabakia kwake. Lakini akule mu nyumba. Yeye mezani, mimi jikoni, na mulango ya katikati ibakie wazi.”

Mke wangu hakujua lolote lililosemwa gizani. Alinigeukia mdomo wazi, machozi yamemjaa. Nilikuwa nimesimama karibu nao na nilisikia kila neno, lakini nilingoja aniambie. Akaniambia lote, mpaka mlango.

“Mwambie mama,” nikasema, macho yangu baharini. “Mwambie mama nimesikia.”