Anayepinga Asimame

Watu walimwita Baba Viti kwa sababu arusi, msiba na siasa zote za mtaa ule zilikaliwa kwenye viti vyake vya kukodi. Kazi hiyo ilimsomeshea watoto, ikamjengea vyumba viwili na stoo.

Sasa kampuni moja ilikuwa imeutamani mtaa mzima ijenge maegesho ya magari. Sheria ilitaka wananchi waulizwe kwanza. Kampuni, kwa jinsi inavyoipenda demokrasia, ikajitolea kugharamia mkutano: turubai, soda, na viti, ambavyo ingelipia baadaye.

"Yaani unawapelekea viti watu wanaotaka kutuvunjia nyumba?" mkewe aliuliza.

"Mama watoto, nisipopeleka mimi atapeleka mwingine. Na kupinga nitapinga hukohuko."

Viti havikutosha hata nusu ya watu. Waliowahi walikaa kivulini na soda zao. Waliochelewa walisimama juani wakivimezea mate viti vya wenzao. Mwenyekiti wa mtaa, aliyenunua gari mwezi huohuo kwa baraka za Mungu, akatangaza: "Anayekubali mradi aendelee kukaa. Anayepinga asimame. Walioko juani ni watazamaji, hawahesabiwi."

Nani ainuke, kiti kinyakuliwe? Hakunyanyuka mtu.

Baba Viti damu ilimchemka. Nyumba yake inakwenda hivihivi, anaangalia! Akapasua katikati ya watu. "Jamani, samahanini. Sijalipwa hata senti. Naomba viti vyangu."

Akaanza na cha mwenyekiti. Watu wakaangua kicheko, wakainuka mmoja mmoja, wengine wakamsaidia kuvipanga kimoja juu ya kingine. Punde mtaa mzima ukawa wima. Baba Viti akahema kwa furaha. "Haya, mheshimiwa, hesabu sasa!"

Mwenyekiti akanong'onezana na mtu wa kampuni, kisha akakohoa. "Ndugu wananchi, tunarekebisha kidogo utaratibu. Anayekubali aendelee kusimama. Anayepinga akae kwenye kiti."

Baba Viti akajitupa chini, mavumbini, na suruali yake ya mkutano.

"Huyo kachoka, mpeni maji," mwenyekiti alisema. "Karani, andika: umepita bila kupingwa."

Wiki iliyofuata kampuni iliagiza viti vya sherehe ya uzinduzi, safari hii kwa fedha taslimu. Baba Viti aliwatukana matusi yote anayoyajua. Kisha akachukua kitambaa, akaanza kuvifuta vumbi.