Kanga ya Maulida na Wanawake wa Kijapani

Maulida namjua mimi, mtu asinieleze. Miaka sita tunakaa naye chumba kimoja hapa Sanyuanli, huku kwa Wachina, kazi yake kupeleka kanga Unguja. Mwaka juzi kiwanda kilimchanganyia maneno. Sare ya harusi ya binti wa Dalila ikafika imeandikwa NILIDHANI DHAHABU KUMBE BATI, na upande wa bwana harusi wakaona wanasemwa wao. Dalila ndiye mkubwa wa kikundi chao cha lelemama, ngoma ya wanawake, huko Unguja. Tangu siku ile hamsemeshi Maulida, na Maulida hajakanyaga kwao.

Mwezi uliopita Dalila akatuma ujumbe, hata salamu hamna: "Tafuta sare mpya ya kikundi tuione."

Maulida akarudi kutoka sokoni na picha ya Kijapani, ile ya kuchongwa kwenye ubao ikapigwa wino. Watu watatu, nywele za kiume, bega moja nje, mkononi kichwa cha simba cha kuchezea ngoma.

"Hawa wanaume," nikasema.

"Tazama vidole, Bi Kauthar. Wanawake hawa, wamevaa kiume wacheze sikukuu."

Nikatazama tena, nikaona wanawake, nikageuza, nikaona wanaume. Nikamkubalia, maana hata mimi niliwahi kuvaa kofia ya baharia wa manowari nikacheza lelemama, na marehemu mume wangu akanipita asinijue.

Pembeni pana maandishi. Tukaenda Kangle, soko la vitambaa, kwa laobani, tajiri mwenye karakana ya kuchapa vitambaa. Akasoma nusu, yale ya herufi za Kichina, akasema simba, nusu nyingine akatikisa kichwa.

"Yafute," nikamwambia Maulida.

"Kanga bila jina ni shuka. Na jina nisilolijua sichapi tena."

Cyrus, kijana wetu anayesoma chuo, akampelekea picha mwalimu wake wa Kijapani. Jioni akaja na jibu. "Ni majina tu, bibi. Ya hao wanawake watatu, na ngoma yao ya simba."

"Majina ya watu?" Maulida akakaa kitini. "Yanamsema nani?"

"Hayamsemi mtu."

Hilo ndilo lililotuchanganya sote. Kanga isiyomsema mtu hatujaiona. Nikasema basi tuandike majina ya wenzake wa kikundi.

"Nani atangulie?" akaniuliza. Wazo hilo nikaliacha, maana kikundi chetu cha zamani kilivunjika kwa dogo kuliko hilo.

Akayaacha ya Kijapani. Doti moja ya mfano ikachapwa, akaipiga picha, akamtumia Dalila. Dalila akapiga simu mwenyewe, Maulida akaiweka spika nami nisikie.

"Imeandikwa nini?"

"Majina."

"Ya nani?"

"Ya hao wanawake waliovaa kiume wakacheza."

Nikasogea karibu na simu.

"Wamependeza," Dalila akasema. "Utaileta mwenyewe au utatuma?" Akakata.

Maulida amekaa na simu mapajani tangu asubuhi. Anauliza, Bi Kauthar, hapo nimeitwa au nimekatazwa? Mimi sijui, nisiseme uongo. Lakini nimemwambia akate tiketi ya Unguja, na begi nimeshamshushia kutoka juu ya kabati.