Niliitia Lenzi Mafuta ya Nazi

Kosa ni langu. Nalitamka mwanzo kabisa, kwa kuwa nawajua watu: ukichelewa kukiri, hujichagulia mkosaji wao. Na safari hii walikwisha kumpata, naye hana hatia.

Mimi ni ajuza wa Kisauni. Shule niliiona kwa nje, nikipita kwenda kuteka maji. Anayeniandikia haya ni mjukuu wangu, ambaye kazi yake ni kupiga picha za harusi upande wa wanawake. Nimemwamrisha aandike neno kwa neno, asiniulize kitu mpaka nimalize.

Wiki ya harusi moja ya Likoni, niliisikia kamera yake ikilia. Kile kipande cha mbele chenye kioo, ambacho wenyewe hukiita lenzi, kilikuwa kikikwaruza kila akikizungusha.

"Nitaipeleka kwa fundi harusi ikipita, Nyanya," akasema. "Nitabeba na ile nyingine, ikinitupa hii niwe nayo."

Fundi wa nini, nami nipo? Mlango wangu wa uani ulilia miaka, nikautia mafuta ya nazi, ukanyamaza. Basi alipoingia kuoga, nikaitia lenzi matone matatu pale inapozungukia. Ikanyamaza. Nikajiona mhandisi.

Hekima yangu haikukomea hapo. Siku ya safari niliufungua mkoba wake nikakuta kamera ya pili na lenzi ya pili. Biarusi mmoja, kamera mbili za nini? Mwanamke huenda harusini amebeba mzigo kama hamali? Nikavifungia kabatini, na mahali pake nikatia bakuli la halua.

Tukavuka kivuko. Ilikuwa siku ya kupamba, biarusi anapotolewa mbele ya wanawake wenzake, vichwa wazi, wamejipamba. Simu haziingii. Mimi ndimi niliyesimamishwa mlangoni na kikapu cha kuzikusanya, kwa kuwa hakuna athubutuye kunibishia.

Baada ya alasiri biarusi akatoka, akakaa. Mjukuu wangu akainua kamera, akaishusha. Akafuta kioo. Akabadilisha betri. Akaing'oa lenzi, akaipangusa pale inaposhikana na kamera, akairudisha. Akaizungusha kwa mkono, ikawa inateleza bila kukamata kitu. Picha zote zikatoka ukungu.

"Mbona hupigi, mwanangu?" mama wa biarusi akauliza.

"Subira kidogo, mama."

"Pengine kamera nayo yaona haya," akasema mmoja, wakacheka.

Akaufungua mkoba kutafuta ile ya pili. Akakuta halua. Akanitazama, akaufunga mkoba, kwa adabu niliyomfunza mwenyewe. Na kutoka Likoni hadi Kisauni, kivuko kile na foleni ile, angerudi biarusi keshakuwa mama.

Shangazi wa biarusi akasema, "Basi itolewe simu moja kikapuni."

"Simu haitoki," nikajibu. Mlinzi hodari kama mimi mngempata wapi?

Mjukuu wangu akagundua kwamba kitu kikiwa karibu sana, lenzi hukiona. Akapiga magoti, akapiga alichoweza: kiganja chenye hina, sikio na kipuli, jicho moja. Biarusi mzima hakupatikana.

Picha zilipofika Likoni, nami nipo, mama wa biarusi alisema maneno ambayo hayajanitoka. "Mwanangu nimeletewa vipande. Yeye mwenyewe yuko wapi?"

Wanawake wakasema mpiga picha gani hutoka na kamera moja. Nami, mbele yao wote, nikatikisa kichwa nikasema, "Vijana wa siku hizi hawajali kazi." Hilo ndilo ungamo langu. Mafuta yalikuwa ujinga. Kauli ile ilikuwa dhuluma.

Harusi mbili zilizokuwa zimemwita zimemwacha. Mwenyewe anaamini unyevu uliingia ndani ya lenzi kwa uzembe wake. Kamera ameifunga sandukuni, na juzi alikwenda Shanzu kuomba kazi ya kutandika vitanda hotelini.

Hapa kalamu imesimama.

"Nyanya, yalikuwa mafuta?"

"Andika."

"Nami nimelia siku zote hizi?"

"Nimesema andika."

Ameandika. Hajaniinulia macho, na sidhani nina haki ya kumwomba aniinulie.

Ijumaa, inshallah, nitavuka kwenda Likoni, nimwambie mama wa biarusi, na wale wanawake wote wawepo. Nimewataka wakusanyike palepale nilipotikisia kichwa.

Enyi wazee wenzangu mnaojua kila kitu: chombo cha kazi ya mtoto kikilia, mwacheni mwenyewe akipeleke kwa fundi. Akibeba viwili, mjue ana sababu. Na ukishaharibu, sema siku ile ile, mbele ya watu wale wale. Mimi nimengoja mpaka mjukuu wangu akaisoma hatia yangu kwa mwandiko wake mwenyewe.