Mkanda wa Baba Prachi

Gari la Girish halikuwahi kufika mahali kimyakimya. Lilikuwa gari la michezo la milango miwili, rangi ya chungwa, lenye umri kumshinda binti yake Prachi. Alilinunua Mbeya kwa mtu aliyekuwa na haraka ya kuhamia Zambia. Lilikaa chini mno hata Girish, mwenye tumbo la mtu anayeuza misumari akiwa kitini, ilibidi atoke humo kwa awamu. Alilipenda hivyo hivyo. Lakini kila alipokanyaga mafuta, chini ya boneti ulitoka mlio mwembamba, wiii, kama mbuzi anayevutwa mkia, na mtaa mzima wa Mshindo, pale Iringa mjini, ukajua Baba Prachi anapita.

Mtaa haukumsumbua. Aliyemsumbua ni mkewe Bhavna, aliyekaa naye ghorofani juu ya duka lao la vifaa vya ujenzi. Tangu daktari amkataze Girish sukari, Bhavna alikuwa ameondoa nyumbani halua, jalebi, hata asali ya kikohozi. Ambaye hakuweza kumwondoa ni Tekla wa Kalenga, aliyekaa kando ya barabara akipika karanga na sukari mpaka zigeuke kashata za rangi ya tofali. Girish alikwenda huko "kumwona mteja". Kwenda hakukuwa na taabu. Taabu ilikuwa kurudi, maana kwenye kilima cha kuingia mjini gari lilipiga kelele, na Bhavna akiwa roshani alitambua mlio umetokea upande gani.

"Mteja wa Kalenga hajambo?" aliuliza, huku akimtoa punje ya karanga kwenye sharubu.

Ndipo Girish akamwita Liberatus, fundi wa Mlandege, ambaye Jumapili alikuwa mwalimu wa kwaya ya parokia na siku nyingine zote hakukubali kulisahau hilo. Alikuja uani nyuma ya duka, akainamisha kichwa juu ya injini.

"Linalia lini, bosi?"

"Muda wote."

"Muda wote hakuna. Likiwa la baridi asubuhi? Ukiwasha taa? Au likipanda mlima?"

"Likipanda."

"Mlima upi?"

Girish akavitazama viatu vyake. "Ule wa kutoka Kalenga."

"Ahaa. Na unakuwa umebeba nini?"

"Hilo linahusiana vipi na mlio?"

"Halihusiani. Nataka kujua tu."

Liberatus akaweka ncha ya bisibisi kwenye altaneta, ile inayochaji betri, na mpini wake sikioni, akasikiliza beringi. Zilikuwa nzima. Akaunyunyizia mkanda unaoizungusha maji kidogo na mlio ukapanda juu zaidi. "Soprano huyu," akasema. "Amelegea, anateleza kwenye puli. Mzigo ukizidi, anapiga yowe."

"Basi kaza mpaka mwisho!"

"Nikikaza mpaka mwisho nitaua beringi, na hizo zikianza kuimba hazina kitubio."

Bhavna akashuka na chai, vidole vyake bado vina manjano ya jikoni. "Fundi, sasa unajuaje imetosha?"

Liberatus hakuwahi kumnyima mtu somo. Akalegeza nati ya altaneta, akaisukuma kwa mtaimbo, mkanda ukavutika, akakaza nati. "Unabonyeza katikati kwa dole gumba, Mama Prachi. Ukizama kiasi cha unene wa kidole, sawa. Ukizama zaidi, utalia."

Bhavna akaweka kikombe chini, akabonyeza. "Na ukitaka kuulegeza, ni nati hiyo hiyo?"

"Hiyo hiyo."

"Elimu nzuri," akasema Bhavna, akarudi juu.

Wiki haikuisha, mkanda ukalia tena. Liberatus akakaza. Ukalia tena. Kule kanisani waimbaji wa sauti ya nne walipopata habari wakaanza kumwitikia kwa wiii kila alipoinua mikono, naye akarudi Mshindo akiwa na tochi na hasira. Alikaa muda mrefu akiwa amezamisha kichwa ndani ya gari.

"Bosi, fundi gani mwingine analigusa gari hili?"

"Hakuna."

"Basi huyo Hakuna ana manjano vidoleni."

Girish akainama. Ubavuni mwa nati palikuwa na alama safi ya dole gumba, ya njano. Wote wawili wakainua macho taratibu kuelekea roshani. Bhavna alikuwa anaanika mashuka, anajiimbia.

Girish alikwenda dukani kwake mwenyewe kutafuta nati yenye raba ndani, ile isiyolegea bila ugomvi. Bhavna alikuwa ameshashuka, yuko kaunta.

"Ya nini?"

"Ya kitanda."

"Kitanda chetu hakijalegea."

"Kitalegea."

Bhavna akaingiza mkono kwenye kopo, akampa moja. Ilikaa sawasawa. Girish alishafika uani na kumaliza kuifunga ndipo alipojiuliza mkewe alijuaje saizi.

Kesho yake gari liliteleza kwenda Kalenga kimya kama paka. Girish alihisi amepungua kilo.

"Kamwene, Baba Prachi!" Tekla alishtuka. "Umekuja kwa miguu? Sijakusikia."

"Kamwene. Hakuna atakayenisikia tena," akasema Girish, na mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye sinia simu ilipoita.

"Sambhlo," alisema Bhavna. Ndivyo alivyomwita siku zote, yaani sikiliza, kwa kuwa nyumbani kwao mume haitwi jina. "Uko Kalenga."

"Nani kakwambia?"

"Gari. Likilia unakwenda kazini. Likinyamaza una njama. Mpe Tekla simu."

Tekla akapokea. "Ndiyo, mama... Nusu? ... Haya, mama." Akamrudishia simu, akavunja kashata moja katikati, nusu akampa Girish, nusu akaifunga kwenye karatasi. "Hii ni ya kwake. Kasema anaijua saizi yake."

Girish alitafuna yake taratibu kuliko alivyowahi kutafuna kitu. Akapanda kilima bila mlio wowote, karatasi ikiwa kwenye kiti cha abiria. Katikati ya mlima akasimama, akaikunjua, akaikunja tena, akaikunjua, akaifunga upya. Alipoingia Mshindo, watu wakampisha wakidhani ni mgeni, na moyo ukamuuma. Mbele ya duka akateremsha kioo, akatoa kichwa nje, akavuta pumzi.

"Wiiiii!"

Bhavna akatokea roshani. Alimtazama mumewe, akakitazama kifurushi alichokuwa amekiinua juu.

"Mbona changu kimelegea pembeni?" akauliza.