Ukuta Uliotoka Ziwani

Miaka mitatu Jedidah wa Sori alikataa kunyolewa nywele za ujane. Mumewe, Zadock, alikwenda kuvua na hakurudi, yeye wala mtumbwi. Wazee walipotaka matanga aliwauliza, "Mnamlilia nani? Nionyesheni." Akaendelea kufinyanga vyungu na kumwekea mumewe chakula chake kila jioni.

Sasa, mwaka wa 1964 kulikuwa na Mgoa wa Kisumu, Bwana Pereira, mkusanyaji wa vinyago na vyungu, aliyejijengea nyumba ya kupumzikia wikendi kwenye mwinuko juu ya ziwa, karibu na Homa Bay. Hakununua ubao mpya hata mmoja. Milango aliitoa kwenye nyumba zilizohamwa, mabati kwenye ghala la pamba lililoungua. Aliagiza vyungu kwa Jedidah, naye akavipeleka Jumapili, maana Jumamosi, Sabato yake, hakuwa akibeba mzigo. Alifuatana na Cephas, ndugu yake Zadock.

"Shemeji, usisimame sana mahali pamoja," Cephas alimtania mlangoni. "Huyu akipenda kitu anakipigilia ukutani."

Jedidah akaingia na vyungu. Ndani kulinuka samaki, na jiko halikuwapo. Milango ilikuwa mingi kuliko vyumba; mingine ukiifungua unakutana na ukuta. Upande wa ziwa ukuta ulikuwa wa mbao za mitumbwi, nao ulilia taratibu kama mtumbwi uliofungwa ufuoni, ilhali nje upepo ulikuwa umelala.

"Huo haukauki," Bwana Pereira alisema. "Kiangazi chote, mama, kila asubuhi nakuta una maji."

Jedidah akaupapasa. Kidole kikazama kwenye ufa uliozibwa kwa lami na kitambaa. Akavuta. Kikatoka kipande chenye maua madogo: pindo la gauni lake la kanisani, alilolichana mwenyewe siku Zadock alipokosa kitu cha kuzibia mtumbwi wake.

"Mtumbwi huu ulitoka wapi?"

"Ulielea wenyewe mpaka hapa chini. Tuliukuta umepinduka."

Jedidah akafungua kinywa alie. Cephas akamshika mkono haraka. "Si hapa, shemeji. Ukimlilia mfu kwa mtu, unamwachia kifo nyumbani mwake."

Jedidah akajifunga leso mdomoni, na hakuifungua hata walipofika Sori. Wazee wakatafuta yago, lile tunda refu ambalo Waluo huzika mahali pa mtu ambaye mwili wake haukuonekana. Lilipoteremshwa kaburini, Jedidah akafungua leso. Waliokuwa mbali waligeuka kutazama maji ya ziwa, kwa kuwa kilio walikisikia kikitokea upande huo.