Jina Alilolificha Mama Mvuke

Ukitaka kumjua daktari wa upasuaji, usihangaike na vyeti vya ukutani. Muulize anayemwoshea vyombo. Mama Mvuke alisema hivyo kila alipopata wa kumsikiliza, na hawakuwa wengi, maana nani anaketi amsikilize mwanamke wa chumba cha kuoshea vyombo? Miaka ishirini na miwili alikuwa pale chini kabisa ya hospitali, mlango wa mwisho baada ya dobi. Makasi, vibanio, koleo na visu vikishuka kutoka chumba cha upasuaji, yeye ndiye alivipokea. Alivisugua, akavikausha, akavifunga kwenye kitambaa cha kijani, akabandika utepe juu, kisha akaviingiza kwenye mtambo wa mvuke. Utepe ule una mistari isiyoonekana. Mvuke ukifika joto lake na kukaa muda wake, mistari inatokeza, myeusi tii. Isipotokeza, fungu lile haligusi mwili wa mtu. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yote ya kazi yake, na kwa sheria hiyo alishagombana na watu wenye digrii mbili mbili.

Kwa hiyo mambo aliyajua. Alimjua daktari anayetupa vyombo kwenye beseni ovyo ovyo, damu imeganda, sindano imejificha humo humo imchome mtu asiye na hatia. Zaidi ya yote alijua habari za seti ya pili. Simu ikilia, ikaombwa seti ya pili kwa mgonjwa yule yule aliyetoka mezani asubuhi, basi huko juu mambo yameharibika, mtu anafunguliwa tena. Hakuhitaji kuambiwa. Nani anaomba seti ya pili kila mwezi na nani haombi, yote aliyaweka kichwani, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Mmoja alimpenda kuliko wote. Alikuwa daktari bingwa wa kurekebisha maungo, mwanamke wa makamo, aliyeshona midomo ya watoto waliozaliwa nayo imepasuka na kuwabandika ngozi walioungua, na siku nyingine kukaza matumbo ya watu waliotaka tu kuona raha na miili yao. Wauguzi walimwita Daktari Polepole, na hawakumwita hivyo kwa kumsifu. Kila kitu mpaka akihakikishe mara mbili, hata wenzake wakitazama saa na kuguna. Vyombo vyake vilishuka vimesuuzwa, vimelala upande mmoja. Kwa miaka kumi na mmoja aliomba seti ya pili mara moja tu.

Jina hilo ndilo Mama Mvuke alilolificha, na alimficha mdogo wake wa tumbo moja.

Mdogo mwenyewe nyumbani wanamwita Kitinda mpaka leo, japo ana miaka thelathini na minane, watoto wanne, na darasa la kwanza zima linalomwita mwalimu. Mama yao alifariki Kitinda akiwa na miaka tisa, na dada mtu ndiye aliyemsuka nywele, akamkagua kucha, akamlea. Sasa mtu uliyemlea huoni kama amekua. Hapo ndipo kosa lilipoanzia.

Kitinda alikuja Jumamosi moja, akakaa jikoni kwa dada yake, akazungusha kikombe mezani mpaka chai ikapoa. Kisha akauliza, kama mtu anayeulizia bei ya nyanya, "Dada, kwenu huko hakuna daktari anayetengeneza tumbo?"

"Kwetu wanatibu wagonjwa," alijibu Mama Mvuke.

"Sikiliza kwanza. Tumbo langu tangu mapacha..."

"Tumbo lako lina nini? Limebeba watoto wanne, unataka lipewe nishani?"

Akacheka. Kitinda naye akacheka, kidogo, akaosha kikombe chake, akaaga. Jina la Daktari Polepole lilikuwa pale ulimini, na Mama Mvuke akalimeza. Aliona akinyamaza, hamu itaisha yenyewe. Tuambiane ukweli, alikuwa na hofu pia. Mtu aliyeshika damu ya watu miaka yote ile hapendi kumfikiria mdogo wake mezani. Lakini hofu hiyo hakuisema. Alichekesha tu.

Miezi minane ikapita. Jumatano moja simu ikaita.

"Kesho saa tatu asubuhi naingia kliniki, nahitaji mtu wa kunirudisha nyumbani," Kitinda alisema. "Shemeji yako yuko safarini. Nafanyiwa tumbo. Ukija, njoo, ila usinihubirie."

Mama Mvuke akabadilishana zamu na mwenzake. Usingizi haukumjia hata wa kusingizia.

Kliniki ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo. Makochi meupe, maua ya plastiki, na ukutani picha za matumbo, kabla na baada, wenyewe wamekatwa vichwa. Mwenye kliniki alijulikana kwenye simu za watu kwa jina la Daktari Kiuno, na wafuasi wake walijaa uwanja wa mpira na kubaki. Mama Mvuke alitafuta kwa macho cheti kinachosema yeye ni bingwa wa nini. Aliona cheti cha udaktari wa kawaida, na vingine vya semina za siku tatu. Kwa mara ya kwanza maishani mwake aliangalia vyeti vya ukutani, na vilimtia baridi.

Akaruhusiwa kuingia chumba cha maandalizi. Kitinda alikuwa ameketi kitandani, gauni la mgonjwa limefunguliwa mbele, tumbo limechorwa mistari ya kalamu ya bluu. Mkononi alishawekewa sindano ya kupitishia dawa, imebandikwa plasta. Mama Mvuke hakuwa ameliona tumbo la mdogo wake tangu alipokuwa akimwogesha. Ngozi ilikuwa imening'inia, na chini ya mkunjo kulikuwa na upele mwekundu uliochubuka, mahali pengine umegeuka mweusi, wa kuuma kwa kuutazama tu.

"Hii ni tangu lini?"

"Tangu mapacha. Miaka sita. Jua likiwaka nasimama darasani siwezi hata kukaa." Kitinda alifunika gauni. "Naoga taa imezimwa, dada."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuja kukuambia. Ukaniuliza kama nataka nishani."

Mama Mvuke akageuza uso pembeni, na ndipo alipoliona toroli mlangoni. Juu yake kulikuwa na fungu la kitambaa, limefungwa vizuri, tayari kwa kuingia ndani. Utepe wake ulikuwa mweupe. Hakuna mstari hata mmoja.

Akalisogelea, akainama, akavaa miwani. Labda macho. Hayakuwa macho.

"Mwanangu," alimwambia muuguzi kwa sauti ya chini, "hili fungu ni la kwenda kupikwa kwenye mtambo, siyo?"

"Hapana mama, ni la huyu. Limeshaandaliwa."

"Utepe haujageuka."

"Huo ni wa kufungia tu."

Muuguzi alisema bila wasiwasi wowote, na hilo ndilo lililomkata maini Mama Mvuke. Angedanganya angalau ingejulikana kwamba anajua ukweli. Huyu hakujua.

"Mtambo wenu uko wapi?"

"Umeharibika tangu juzi. Tunaloweka kwenye dawa nusu saa. Ni sawa tu, mama."

Daktari Kiuno akaingia, ananukia vizuri, simu mkononi. Tabasamu lake ni lile lile la kwenye picha. "Huyu ndiye dada yetu? Karibu. Wewe ni mwenzetu, daktari?"

"Mimi naosha vyombo."

"Safi sana," alisema, akacheka kwa adabu.

"Nani anamlaza usingizi mdogo wangu?"

"Tunamchoma dawa mimi na msaidizi wangu. Ni usingizi mwepesi."

"Ukiwa umeshika kisu, nani anaangalia pumzi yake?"

"Mama, tumeshafanya mamia."

"Akivuja damu, mnampeleka wapi?"

"Haijawahi kutokea."

Mama Mvuke akamtazama. Katika miaka ishirini na miwili, hakuna daktari hata mmoja aliyefanya mamia ikawa haijawahi kutokea. Ama hajafanya, ama anadanganya.

"Dada, naomba utoke nje," Kitinda alisema. Uso ulikuwa umemwiva kwa aibu. "Nilikwambia usinihubirie."

"Kitinda, vyombo havijaiva."

"Kwako hakuna kitu kinachoiva. Ulikataa tangu mwanzo. Leo ungeona hata pazia limepinda ungesema nitakufa."

Na hapo alikuwa na haki, ndiyo ubaya wake. Ukishamcheka mtu siku aliyokuja kuomba ushauri, siku ya kumwonya unaonekana mzushi. Daktari akamfanyia muuguzi ishara, muuguzi akachukua bomba la dawa, akalitoa hewa, akasogea kitandani. Ile dawa ikishaingia, Kitinda hatabishana na mtu tena.

Mama Mvuke akaweka kiganja chake juu ya sindano ya mkononi mwa mdogo wake, akaifunika yote.

"Ondoa mkono, dada."

"Nitaondoa. Kuna daktari kwetu, wauguzi wanamwita Polepole," alisema upesi upesi. "Bingwa wa kazi hii hii. Namwoshea vyombo miaka kumi na mmoja. Anafanya matumbo. Siku uliyokuja jikoni jina lake nilikuwa nalo mdomoni, nikalificha kwa makusudi, ili ukate tamaa. Simama twende, nitakupeleka kwake mwenyewe, na sitakukataza tena. Naapa kwa kaburi la mama."

Kitinda hakumtazama daktari wala muuguzi.

"Ulimjua siku ile?"

"Nilimjua."

"Miezi minane natafuta kwenye simu kama mwendawazimu, na wewe ulimjua."

"Ndiyo."

Kitinda akavuta gauni, akalifunga mbele kwa mkono mmoja. Kisha akamgeukia muuguzi. "Nitoe hii sindano."

"Madam, chumba kiko tayari kabisa," Daktari Kiuno alisema, na tabasamu sasa lilikuwa limebaki kwenye meno tu. "Ukishuka hapo, nafasi yako naipa mwingine."

"Mpe."

Alivaa nguo zake nyuma ya pazia, akampita dada yake bila kumtupia jicho, akashuka ngazi, akapanda teksi peke yake. Mama Mvuke akabaki kando ya barabara ameshika mkoba wa nguo za kubadilisha. Mdogo wake yuko mzima. Alijirudia hilo mara kadhaa, na kila mara lilimfariji kidogo kuliko mara ya kwanza.

Wiki tatu Kitinda hakupokea simu. Ya nne ukaja ujumbe: *Jumanne saa nne namwona huyo Polepole wako. Ukitaka kukaa ndani kaa, lakini usinisemee.*

Akakaa ndani, kiti cha pembeni, mikono mapajani. Daktari Polepole hakutoa hata kalamu kwanza. Aliuliza. Unavuta sigara? Presha? Dawa gani unatumia, hata za mitishamba? Unataka mtoto mwingine? Maana akizaa tena, alisema, kazi yote imeharibika. Nani amekushauri uje, mume, marafiki, au wewe? Kitinda akajibu yote, kisha akafungua daftari lake la shule, akauliza ya kwake. Aliyaandika kwa mwandiko wa ubaoni.

"Umefanya matumbo mangapi?"

"Mia mbili na kitu. Vitabu viko, nitakuonyesha, na picha, nzuri na mbaya."

"Nani atanilaza usingizi?"

"Daktari wa usingizi. Hiyo ndiyo kazi yake pekee. Utaonana naye siku moja kabla, na yeye anaweza kukukataa hata mimi nikikukubali."

"Umewahi kuharibikiwa?"

Mama Mvuke alishusha macho. Jibu alilijua, seti ile ya pili aliifunga kwa mikono yake.

"Nimewahi," alisema Daktari Polepole. "Mmoja alivuja damu jioni ile ile, nikamrudisha mezani. Alipona, lakini kovu lake ni baya, na lawama ni yangu. Wengine vidonda vilichelewa kufunga. Likitokea kwako, chumba cha wagonjwa mahututi kiko ghorofa ya juu."

Kitinda aliandika polepole. Daktari akamchunguza, akafunika tumbo, akaosha mikono. "Kwa upele huu sikugusi. Tutautibu kwanza, miezi mitatu. Ukipona na bado unataka, tutaongea tena." Kisha akamgeukia Mama Mvuke, bila ubaya wowote. "Lakini wewe si ni wa hapa hapa? Huu upele ni wa miaka. Mbona hukumleta mapema?"

"Hakujua, daktari," Kitinda alijibu haraka. "Sikumwambia."

Mama Mvuke angeweza kuuacha uongo ule upite. Ulikuwa uongo mtamu, ametengenezewa na mtu ambaye yeye mwenyewe alimkosea.

"Alikuja kuniambia," alisema. "Nikamcheka. Na jina lako nikamficha."

Daktari Polepole aliwatazama wote wawili. Akavuta fomu, akaandika, akafika mstari wa mwisho. "Siku ikifika, nani atakutunza nyumbani? Wiki mbili hubebi mtoto, huinui ndoo, unatembea umeinama."

Kitinda akafunga daftari lake.

"Andika dada yangu," alisema. "Ila hatari zote mwelezee mbele yangu, daktari. Asije akaamua tena peke yake mimi nijue nini na nisijue nini."